Safari Huanzia Nyumbani

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wajumbe wayasome tena pamoja na wenzao nyumbani.)



Naona wengine bado mnapangusa vumbi. Wako waliotoka Muhuru Bay na Karungu kukiwa giza. Wako wa Mfangano waliolala Mbita jana ili wawahi. Na wako waliobadilisha gari mara tatu, na kila mara wakaambiwa, "Panda mama, tunaondoka sasa hivi!" Kwa hiyo sikuja kuwafundisha kusafiri, maana mnasafiri kila wiki: sokoni, kliniki, benki, shule za watoto, mazishini. Nimekuja tuulizane jambo moja tu. Kwa nini safari zetu hutuchosha na kutugharimu kuliko inavyopasa, na kikundi kinaweza kufanya nini?

Jibu langu nalisema mapema, ili atakayesinzia baadaye awe amelisikia. Taabu nyingi za safari hazianzii barabarani. Zinaanzia nyumbani, siku iliyotangulia, pale ambapo hatukupanga. Matope hatuwezi kuyaondoa sisi, wala upepo wa ziwani hatuwezi kuuzuia. Lakini saa ya kuondoka, pesa ya kurudi, gari la kupanda na mtu wa kumpeleka mgonjwa usiku, hayo yako mikononi mwetu. Na safari nyingine, ndugu zangu, isipopangwa mapema, haileti uchovu tu. Inaleta kilio.

BEI YA SAFARI SI NAULI PEKE YAKE

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo huketi kwanza, akahesabu gharama, aone kama anazo za kumaliza. Safari nayo ni mnara mdogo.

Chukua mfano wa mama anayetoka karibu na Awendo kwenda kumwona mgonjwa mjini Homa Bay. Akiulizwa nauli atasema bei ya matatu. Lakini kuna boda ya kumtoa nyumbani hadi barabarani. Kuna gari la kwenda Rongo, halafu gari jingine la kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay. Kuna boda tena kutoka stendi, kuna chai, kuna kitu cha kumpelekea mgonjwa. Kisha yote hayo, isipokuwa kile kitu cha mgonjwa, anayalipa tena akirudi. Asiyehesabu hivyo ndiye unayemkuta jioni stendi, anaomba watu wamwongezee nauli, na jua linatua.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Andika kila kituo na bei yake, kwenda na kurudi. Ongeza kidogo kwa ajili ya mvua, kwa sababu mnajua mvua ikinyesha nauli hupanda, na wakati wa Krismasi na shule zikifunguliwa hupanda vilevile. Halafu ile pesa ya kurudi itenge kabisa. Ifunge katika pindo lake la leso, au iache kwenye simu, na usiiguse hata kama umeona samaki wa bei nzuri namna gani.

Na safari ya kwanza ya kuokoa pesa ni ile ambayo huendi. Hebu angalieni: wiki moja watu watano wa kikundi kimoja wanakwenda Migori mjini, kila mmoja siku yake, na kila mmoja kwa shughuli ndogo. Mmoja anapeleka pesa za kikundi benki, mwingine ananunua mbegu, mwingine anatafuta dawa ya ng'ombe. Nauli tano! Kumbe kikundi kingekuwa na daftari la safari. Kila mnapokutana, kabla ya kufunga kwa maombi, katibu anauliza: "Nani anasafiri wiki hii, na anakwenda wapi?" Anaandika. Wenye haja wanamtuma huyo mmoja, wanamchangia nauli, naye analeta risiti. Aliyetumwa asione aibu kudaiwa risiti, na anayemtuma asione aibu kuidai. Hivyo ndivyo urafiki unavyodumu.

HESABU SAA KURUDI NYUMA

Wengi wetu tunapanga saa ya kuondoka kwa kukisia. Njia bora ni kuanza na saa unayotakiwa kufika, halafu uhesabu kurudi nyuma.

Turudi kwa mama yule wa Awendo. Tuseme sasa ana miadi ya kliniki Homa Bay, saa mbili asubuhi. Kutoka stendi hadi hospitali na kupanga foleni, toa nusu saa. Tumebaki na saa moja na nusu. Kutoka Rongo hadi Homa Bay, pamoja na kushusha watu njiani, tumpe saa moja: ni saa kumi na mbili na nusu. Kungoja gari lijae pale Rongo, nusu saa: ni saa kumi na mbili. Kutoka Awendo hadi Rongo pamoja na kungoja, dakika 45: ni saa kumi na moja na robo. Boda kutoka nyumbani na kutafuta gari, nusu saa. Basi mama huyu lazima atoke nyumbani saa kumi na moja kasorobo, gizani, na hapo hakuna tairi lililopasuka wala polisi aliyesimamisha gari!

Mnaona? Karatasi imemwambia ukweli kabla barabara haijamwambia. Sasa ana njia mbili. Aombe kliniki wampe saa ya baadaye, au alale Homa Bay usiku ule. Na alale wapi? Hapa ndipo vikundi vinapoweza kusaidiana. Sisi tuliokaa hapa leo tunatoka Rongo, Oyugis, Kendu Bay, Ndhiwa, Mbita, Isebania. Kila kikundi kinaweza kutoa majina ya nyumba mbili zinazoweza kumlaza mgeni usiku mmoja. Mgeni naye apige simu mapema, asibishe mlango saa tatu usiku mikono mitupu. Alete hata sukari. Na akiamka, afagie.

Hesabu hiyo ibadilike wakati wa mvua. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena mvua fupi za mwisho wa mwaka, udongo mweusi hushika magurudumu kama gundi. Kule Nyatike mto Kuja ukifurika, njia ya jana leo ni maji. Usivuke maji yanayokwenda kasi kwa sababu pikipiki iliyotangulia imevuka. Yaliyopitisha pikipiki ya kwanza yanaweza kuibeba ya pili. Piga simu kwa mtu anayekaa upande ule, uliza njia ikoje, ndipo utoke.

JIONI YA KUAMKIA SAFARI

Asubuhi ya safari si saa ya kutafuta kitambulisho chini ya godoro. Jioni, kabla ya kulala, weka vitu hivi pamoja katika mfuko mdogo ambao hautatoka mkononi mwako: kitambulisho, karatasi za hospitali au za ofisi unayokwenda, dawa zako, pesa, maji yaliyochemshwa, na kitu cha kula. Mzigo mkubwa unaweza kwenda juu ya gari. Mfuko huu hauendi juu ya gari.

Simu ijaze chaji. Lakini namba tatu za maana ziandike pia kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima, huanguka majini, huibiwa. Karatasi haiishi chaji. Na kila mzigo uandike jina na namba ya simu, maana magunia yote ya mahindi yanafanana, na ndoo zote za omena zinafanana.

Nataka kusema wazi juu ya dawa, kwa sababu katika sehemu zetu hizi wengi tunatumia dawa za kila siku: za virusi vya Ukimwi, za presha, za sukari, za kifafa. Usizikatize kwa sababu ya safari. Ukijua utakaa mbali, kama wavuvi wanaohama na samaki, au akina mama wanaofuata omena visiwani, waambie kliniki kabla hujaondoka, ili mpange dawa za kukutosha. Ukikwama ugenini na dawa zinaisha, nenda kituo cha afya kilicho karibu, useme ukweli, uonyeshe kadi yako. Hakuna aibu hapo. Aibu ni sisi kumcheka mwenzetu anayemeza dawa yake ndani ya gari.

Na wale wa Kuria na wengine mnaovuka Isebania kwenda Sirare na mbele zaidi: kitambulisho cha Kenya peke yake si hati ya kuingilia Tanzania. Inatakiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Ulizeni ofisi ya uhamiaji siku chache kabla, pamoja na habari za kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Msiulize vijana wa mpakani wanaojua njia za kichochoro.

STENDI NA NDANI YA GARI

Matatu haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Tena mnajua kwamba si kila aliyeketi ndani ni abiria. Wengine ni vijana waliowekwa ili gari lionekane limejaa. Ukipanda, angalia: ana mzigo? Amelipa? Ukiona wanashuka mmoja mmoja kila abiria wa kweli anapoingia, basi ujue bado mko mbali na safari. Uliza nauli kwa abiria mwenzako kabla ya kumwuliza makanga. Lipa gari likianza kwenda, na uchukue chenji yako hapo hapo, si wakati wa kushuka.

Usikubali biskuti, soda wala peremende kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akiwa amevaa vizuri na anataja maandiko. Watu wamelazwa usingizi kwa njia hiyo, wakaamka hawana kitu. Pesa usiziweke mahali pamoja. Na namba ya siri ya M-Pesa ni yako peke yako, wala si ya kijana mwema anayetaka kukusaidia kubonyeza.

Anayetapika garini aketi mbele au karibu na dirisha, atazame mbali mbele, asisome, na asile chakula cha mafuta mengi kabla ya safari. Mzee, mjamzito na mlemavu waachiwe viti vya karibu na mlango, na dereva aombwe tangu mwanzo kwamba mzee huyu atahitaji kusimama njiani kujisaidia. Ukimwomba mapema, mara nyingi hukubali. Ukimpigia kelele katikati ya mwendo mtagombana.

Sasa nije kwa jambo gumu. Tangu tarehe 1 Februari 2004, zilipoanza kutumika zile kanuni ambazo mpaka leo watu huziita za Michuki, kila kiti cha matatu kinatakiwa kuwa na mkanda, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Gari la abiria 14 ni la abiria 14. Probox ni ya watu watano pamoja na dereva. Mnacheka? Mnacheka kwa sababu mnajua tunavyobanana mle ndani, mpaka dereva anaendesha akiwa ameshiriki kiti na abiria! Tunasema, "Tutafanyaje, gari ni hilo moja." Mtu mmoja akikataa, anaachwa stendi. Lakini watu kumi wa kikundi wakikataa pamoja, mwenye gari atalegea, kwa sababu ninyi ndio mkate wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hivyo hivyo kwa gari la kukodi la mazishi. Sisi tunawaheshimu wafu wetu, na hilo ni jema. Lakini mwezi wa Agosti 2025, basi lililokuwa likiwarudisha waombolezaji kutoka mazishini lilipata ajali pale Mamboleo, Kisumu, na watu zaidi ya 20 wakafa. Msiba mmoja ukazaa misiba zaidi ya ishirini. Kikundi kikikodi gari, andikeni mapatano: watu wangapi, kuondoka saa ngapi, dereva amelala au ametoka safari nyingine, na kurudi kabla ya giza. Dereva asipewe pombe mazishini. Teueni mtu mmoja, mama mwenye sauti, akae nyuma ya dereva, na kazi yake iwe moja tu: kumwambia "polepole."

BODA BODA

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo zimejaa kila kichochoro. Zimetusaidia sana, tusizitukane. Mahali ambapo gari halifiki, boda inafika. Lakini mchague mwendeshaji, msichague pikipiki. Awe kijana mnayemjua kwenu, wa steji inayojulikana, asiyekunywa. Abiria ni mmoja, na kofia ya kichwa uivae, ukae nayo hata njia ikiwa fupi. Panda kutoka upande wa kushoto, kwa sababu ekzosi mara nyingi iko kulia na inaunguza mguu. Akina mama, leso na kitenge vikunjwe vizuri chini ya mapaja, visining'inie, maana gurudumu likiikamata nguo linakuvuta chini. Na mtoto mchanga asifunikwe mpaka akose hewa kwa sababu ya vumbi.

ZIWA HALINA HARAKA

Wengi wenu mnalijua ziwa kuliko mimi, kwa hiyo nitasema machache. Asubuhi maji huwa yametulia zaidi. Mchana upepo huanza, na mawimbi huinuka. Usiku dhoruba hutokea bila kubisha hodi. Basi shughuli za kwenda Mfangano, Takawiri au Remba zipangeni asubuhi, na msikilize utabiri wa hali ya hewa redioni kabla ya kushuka ufukweni.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 27. Mtume Paulo alikuwa mfungwa, anapelekwa Roma kwa meli. Majira mazuri ya kusafiri yalikuwa yamepita, naye akawaonya wasiendelee. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Kisha upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakadhani mambo ni mazuri, wakang'oa nanga. Haukupita muda, dhoruba ikawashika siku nyingi. Meli ilivunjika, ingawa wote walifika nchi kavu. Luka anatuambia walikuwa watu 276. Ona, hata wakati ule walijua idadi ya watu waliomo!

Sisi je, tunajua? Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili letu, kikiwa kinakaribia kutia nanga. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hakikuwa mbali katikati ya maji. Watu wa Ukara walikuwa wakikiona.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, hesabu vichwa. Uliza jaketi la kuokolea, ulivae na kulifunga, usilikalie kama mto. Mashua ikifika, msisimame wote upande mmoja, ngojeni zamu. Na ukiona imejaa, shuka. Soko la leo likikupita, la wiki ijayo lipo. Mwenye mashua akikuita mwoga, mwache akuite.

SAFARI YA MGONJWA

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo iliyonileta.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya akina mama wanaokufa kwa sababu ya uzazi katika nchi kama zetu. Walionyesha ucheleweshaji wa namna tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwamba mgonjwa aende hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa akisha kufika. Huo wa tatu ni kazi ya hospitali na serikali, na tuwadai. Lakini wa kwanza na wa pili, ndugu zangu, uko hapa kijijini.

Tuseme mama ameanza kutokwa damu saa nne usiku. Mume yuko ziwani, simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema tungoje mwenye nyumba. Saa sita wanaamua aende. Sasa nani ana pikipiki? Huyu anataka alipwe kwanza. Pesa ya kikundi ipo, lakini imefungwa kwenye sanduku la kufuli tatu, na mwenye ufunguo mmoja amekwenda Kisii. Saa nane gari linapatikana, lakini hakuna anayejua kitabu cha kliniki kiko wapi. Hapa hakuna mtu mbaya. Kila mmoja alitaka kusaidia. Ila hakuna lililopangwa.

Sasa tupange. Kwanza, uamuzi ufanywe mchana, mama akiwa mzima. Mume aseme mbele ya mama mkwe na jirani: "Hatari ikitokea nami sipo, mpelekeni, msiningoje." Na dalili za hatari zijulikane na kila mtu: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana na macho kuona kiwi, degedege, homa kali, chupa kupasuka mapema, mtoto kuacha kucheza tumboni. Mojawapo ikionekana, hakuna mkutano. Ni kwenda.

Pili, usafiri upatane mapema. Kikundi kiongee na mwenye gari mmoja na waendeshaji boda wawili. Visiwani, na mwenye boti mmoja. Mpatane bei ya mchana na bei ya usiku, na mumhakikishie kwamba atalipwa na kikundi, siyo na mgonjwa. Namba zao, pamoja na ya zahanati na ya gari la wagonjwa la kaunti, ziandikwe kwa kalamu nzito nyuma ya mlango wa kila mwanachama. Namba za dharura 999 na 112 nazo ziwe hapo.

Tatu, pesa. Tuseme kikundi ni watu 25, na kila mtu anaweka shilingi 20 kwa wiki kwa safari za dharura tu. Hiyo ni shilingi 500 kwa wiki, yaani 26,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini imetosha kumtoa mtu kijijini usiku. Pesa hii isichanganywe na ya mikopo wala ya mzunguko. Ikae mahali ambapo watu wawili wanaoishi karibu wanaweza kuitoa saa yoyote. Watoe kwanza, waandike, kikundi kiulize maswali kesho yake. Kama irudishwe au isirudishwe, amueni leo, siyo siku ya msiba.

Nne, karatasi. Kitabu cha kliniki, kitambulisho na karatasi za bima vikae katika mfuko mmoja unaojulikana na watu wawili nyumbani. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na SHA imechukua nafasi yake, kwa hiyo ambaye hajajiandikisha afanye hivyo akiwa na afya. Na mgonjwa akipewa rufaa kwenda Migori, Homa Bay au hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, barua ya rufaa isiachwe mezani.

Tano, mgonjwa asiende peke yake. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Mmoja amshike mgonjwa, mwingine aongee na watu, alipe na apige simu nyumbani. Na nyumbani kikundi kimpikie yule mzee na wale watoto waliobaki.

Ndugu zangu, nimemaliza. Mkirudi, msiende na maneno haya yote, mtayachoka njiani. Nendeni na matatu tu: daftari la safari, mapatano na mwenye gari, na mfuko wa dharura. Kikundi chenye hayo matatu, watu wake watasafiri kwa moyo mtulivu zaidi, na iko siku mama fulani atarudi nyumbani na mtoto wake kwa sababu mlikaa chini mkapanga. Mungu awasindikize njiani, na awafikishe salama.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mwezi uliopita wanachama wetu walifanya safari ngapi za mjini? Ni zipi zingeweza kuunganishwa?

2. Mgonjwa akizidiwa usiku huu hapa kwetu, nani ataamua, nani atampeleka, na pesa itatoka wapi? Jibuni kwa majina.

3. Je, kuna mama mjamzito kati yetu ambaye mume wake hukaa mbali au ziwani? Nani ataongea na familia hiyo wiki hii?

4. Tukatae vipi, sisi wote pamoja, gari au mashua iliyojaa kupita kiasi?

5. Ni nyumba zipi mbili katika kikundi chetu zitakazokubali kumlaza msafiri kutoka kikundi kingine?